Miaka 16 kwa jeraha, miaka 16 kwa kifo: kisa cha Konstebo Andrew Harper

Usiku wa tarehe 15 Agosti 2019, zamu ya Konstebo Andrew Harper ilikuwa imeshamalizika, na saa nne nzima zilikuwa zimepita. Yeye na mwenzake walikuwa ndani ya BMW isiyo na alama za polisi, wanarudi kituoni kupitia vijiji vya Berkshire, magharibi ya London. Redio ikaita: kuna pikipiki ya magurudumu manne inaibwa nyumbani kwa mtu, huko Bradfield Southend. Kulikuwa na askari wa zamu ya usiku ambao kazi hiyo ilikuwa yao kwa haki. Harper na mwenzake waliitikia kwa sababu wao ndio waliokuwa karibu.

Kwenye kibarabara chembamba wakakutana uso kwa uso na gari aina ya Seat likiikokota ile pikipiki, kijana mmoja amekaa juu yake. Gari likajipenyeza pembeni ya lile la polisi. Kijana akaifungua pikipiki, akaruka, akakimbilia gari lao na kujitupa ndani kupitia dirishani. Harper alikuwa ameshashuka, anamfukuza kwa miguu.

Hapo ndipo lilipo jambo ambalo kesi nzima ililizunguka kwa miezi. Pikipiki ilipofunguliwa, mkanda wa kukokotea ulibaki nyuma ya gari, umelala barabarani kama kitanzi. Katika kukimbia kwake, Harper alitia miguu yote miwili ndani ya kitanzi hicho. Gari likaondoka kwa kasi. Mkanda ukamkaza vifundoni, ukamwangusha, ukamburuta zaidi ya kilomita moja na nusu kwenye lami, gizani. Mwenzake aliyekuwa nyuma hakuona kilichotokea. Akiwa bado anamtafuta, aliikuta fulana ya kujikinga na visu imelala katikati ya barabara, bila mtu.

Harper alikuwa na umri wa miaka 28. Alikuwa ameoa siku 28 kabla.

Vijana watatu walikamatwa usiku uleule. Dereva alikuwa na miaka 18, wenzake wawili miaka 17 kila mmoja. Kesi ilianza kusikilizwa Old Bailey, mahakama kuu ya jinai jijini London, mwezi Machi 2020, ikavurugwa na korona, ikaanza upya katikati ya mwaka. Wote watatu walikiri kupanga wizi wa pikipiki. Dereva alikiri pia kuua bila kukusudia, ila alikana mauaji ya kukusudia: alisema hakujua kuwa kuna mtu nyuma ya gari lake. Upande wa mashtaka ulisema haiwezekani uburute mtu mzima umbali wote huo usijue. Tarehe 24 Julai 2020 jopo la raia lilirudi na jibu. Mauaji ya kukusudia: hawana hatia. Kuua bila kukusudia: wenzake wawili wana hatia, dereva alikuwa ameshakiri. Wiki moja baadaye jaji Edis akampa dereva miaka 16, na wenzake miaka 13 kila mmoja.

Nchi ikachemka, na mimi siwalaumu waliochemka. Ukiusoma mwenendo wa usiku ule mstari kwa mstari, moyo unakataa kuipokea namba 16. Lakini kazi ya uchambuzi ni kuuliza namba hiyo ilitoka wapi, na ilitoka mahali panapoeleweka.

Kwa sheria ya Uingereza na Wales, ili mtu awe muuaji wa kukusudia lazima athibitishwe kuwa alidhamiria kuua, au angalau kuleta madhara makubwa sana mwilini. Ukijua kuna mtu amenaswa na ukaendelea kukanyaga mafuta, dhamira inajieleza. Ukiwa hujui, dhamira hiyo haipo, hata kifo kiwe cha kutisha namna gani. Jopo halikusema kwamba vijana wale ni watu wema. Lilisema haliwezi kuwa na uhakika kwamba walijua. Baada ya hapo jaji hana ruhusa ya kuwapa adhabu ya kosa ambalo jopo limewaondolea. Mwongozo wa adhabu kwa kuua bila kukusudia kunakotokana na kitendo haramu unaweka daraja la juu kabisa lianzie miaka 18, na uwanja wa kucheza ni kati ya miaka 11 na 24. Kutoka hapo jaji anapandisha kwa sababu marehemu alikuwa askari kazini, anashusha kwa sababu ya umri, anashusha tena kidogo kwa aliyekiri kosa kabla ya kusikilizwa. Ukiifuata hesabu hiyo, 16 haikudondoka kutoka mbinguni.

Mwanasheria Mkuu alipeleka shauri Mahakama ya Rufani akidai adhabu ni nyepesi kupita kiasi. Upande wa pili, wawili kati ya vijana wakadai ni nzito kupita kiasi. Desemba 2020 mahakama ikazikataa hoja za pande zote mbili, namba zikabaki zilivyo.

Sasa naomba msomaji arudi nyuma siku nane tu. Tarehe 7 Agosti 2019, karibu na saa sita usiku, Leyton, mashariki ya London. Konstebo Stuart Outten, naye ana miaka 28, anasimamisha gari la mizigo ambalo rekodi zinaonyesha halina bima. Jambo la kawaida kabisa, la dakika kumi. Dereva, mwanamume wa umri wa makamo, anakataa kutii. Outten anapojaribu kumkamata, mtu yule anachomoa panga kutoka ndani ya gari na kumkatakata kichwani, mara kadhaa. Fuvu linapasuka. Anapoinua mkono kujikinga, mkono nao unakatwa. Akiwa chini, damu imemjaa usoni, Outten anafyatua bastola yake ya umeme, mara ya kwanza, kisha tena, mpaka mtu yule anaanguka. Hilo ndilo lililomfanya awe hai.

Januari 2020, Old Bailey ileile: kujaribu kuua, hana hatia. Kujeruhi kwa kudhamiria madhara makubwa, ana hatia. Miaka 16.

Nilipoziweka hukumu hizi mbili pamoja kwa mara ya kwanza, nilirudia kuzisoma nikidhani nimekosea. Askari wawili wa rika moja, mwezi mmoja, mahakama moja, miaka 16 na miaka 16. Ila zimejengwa kwa matofali tofauti kabisa. Leyton palikuwa na dhamira bila kifo. Berkshire palikuwa na kifo bila dhamira. Kila kimoja peke yake kilipimwa, na mizani ikasoma uzito uleule.

Kuna jambo zaidi, na hili wengi hawalioni. Ili umtie mtu hatiani kwa kujaribu kuua, ni lazima uthibitishe alitaka kuua. Kutaka kujeruhi vibaya hakutoshi. Lakini kwa mauaji yenyewe, kutaka kujeruhi vibaya kunatosha, mradi mtu afe. Yule wa Leyton alithibitishwa kuwa alitaka kujeruhi vibaya. Maana yake ni kwamba kama Outten angekata roho pale barabarani, mtu yule angekuwa muuaji wa kukusudia wa askari aliye kazini, na tangu mwaka 2015 hesabu ya jaji kwa mtu mzima mwenye kosa hilo inaanzia kufungwa mpaka afie gerezani. Panga ni lilelile, mkono uleule, dhamira ileile. Kilichotenganisha miaka 16 na kufia gerezani ni uimara wa fuvu la askari na bastola ya umeme aliyoifyatua yeye mwenyewe. Mshambuliaji alivuna faida ya ushujaa wa aliyemshambulia.

Kampeni iliyofuata ilizaliwa na kisa cha Berkshire, si cha Leyton, na hilo linaeleweka. Lissie Harper, mjane, ambaye ndoa yake ilidumu siku 28 tu, alisimama mbele ya kamera, akaomba jambo moja: anayemuua mtumishi wa huduma za dharura kwa kitendo cha jinai apewe kifungo cha maisha. Shirikisho la Polisi likamuunga mkono. Alikutana na mawaziri, aliandika barua, hakuchoka. Novemba 2021 serikali ilitangaza kukubali. Sheria ya Polisi, Uhalifu, Utoaji Adhabu na Mahakama ilipata idhini Aprili 2022, na kifungu kinachoitwa Sheria ya Harper kikaanza kufanya kazi tarehe 28 Juni mwaka huo. Kinamgusa yeyote aliyekuwa na miaka 16 au zaidi siku ya kosa, akimuua bila kukusudia askari, mzimamoto, mhudumu wa gari la wagonjwa, muuguzi au askari magereza akiwa kazini. Hakigusi kifo kilichotokana na uzembe mkubwa tu. Na hakirudi nyuma: wale vijana watatu wamebaki na 16 na 13 zao. Lissie alilijua hilo tangu siku ya kwanza. Alikuwa anawapigania wajane wengine, na kwa hilo namvulia kofia.

Tuseme pia kifungo cha maisha maana yake nini, kwa sababu mitaani kinaeleweka vibaya. Si kufungwa mpaka kufa. Jaji anapanga muda wa chini kabisa wa kukaa ndani, na muda huo kwa kuua bila kukusudia unaweza usiwe mbali sana na ule ambao mfungwa wa miaka 16 angekaa kabla ya kuachiwa. Kinachobadilika ni mlango. Mwenye kifungo cha miaka anajua tarehe yake ya kutoka, ikifika, anatoka. Mwenye kifungo cha maisha hana tarehe: anakwenda mbele ya Bodi ya Parole, anathibitisha kwamba si hatari tena, na akiachiwa anabaki chini ya masharti hadi siku atakayozikwa. Akivunja sharti, anarudishwa ndani. Hiyo ni tofauti kubwa, hasa kwa mtu aliyeingia akiwa na miaka 18.

Basi tatizo langu ni lipi? Tatizo langu ni majeruhi.

Chukua ngumi moja. Mlevi nje ya baa, Ijumaa usiku, anampiga ngumi mhudumu wa gari la wagonjwa aliyekuja kumsaidia rafiki yake. Hakutaka kuua wala kuvunja. Amerusha ngumi kwa hasira. Mhudumu anaanguka, kisogo kinagonga ukingo wa barabara. Akifa, ni kuua bila kukusudia, na tangu Juni 2022 ni kifungo cha maisha kwa lazima, isipokuwa pawe na mazingira ya kipekee. Asipofa, akaamka baada ya wiki sita hawezi kutembea, hamtambui mwanawe, hatarudi kazini maisha yake yote, kosa la mlevi yule linaangukia kifungu cha 20 cha Sheria ya Makosa Dhidi ya Mwili ya mwaka 1861. Adhabu ya juu kabisa ya kifungu hicho ni miaka 5. Jaji hawezi kuvuka hapo hata akilia machozi.

Kutoka miaka 5 hadi maisha, kwa ngumi moja. Anayeamua ni ukingo wa barabara, na daktari wa upasuaji aliyekuwa zamu usiku ule.

Mtu atasema kuna sheria maalumu ya watumishi hawa. Ipo. Mbunge Chris Bryant aliisukuma bungeni, ikapitishwa mwaka 2018: kumshambulia mtumishi wa huduma za dharura likawa kosa linalosimama peke yake, lenye kifungo cha hadi miezi 12, na mwaka 2022 kikaongezwa hadi miaka 2. Sheria hiyo imefanya kazi nzuri kwa mambo ya kila siku, mate ya usoni, teke, kusukumwa, mambo ambayo kabla yake yaliishia na faini ya kudharauliwa. Inamwagiza jaji pia, katika makosa mazito zaidi, ahesabu kazi ya aliyeumizwa kuwa sababu ya kuongeza adhabu. Lakini kuongeza huko hakuvunji dari. Ukiongeza uzito ndani ya chumba chenye dari ya miaka 5, bado utagonga miaka 5. Kwa hiyo ngazi imejengwa chini na imejengwa juu: mate yana kosa lake, kifo kina kifungo chake. Katikati, pale wanapoangukia watu waliovunjwa mifupa na kupofushwa, imeachwa sheria ya karne ya 19 ilivyo, labda tu uthibitishe dhamira, ambapo kifungu cha 18 cha sheria hiyohiyo kinafungua mlango hadi maisha. Na dhamira, kama tulivyoona, ndiyo inayokimbia mara nyingi ukiingia kwenye chumba cha jopo.

Sisi wa Afrika Mashariki tuna sababu ya kuijua ramani hii, maana kanuni zetu za adhabu zilichorwa na Waingereza hawahawa na mgawanyo wa dhamira ukaja nao. Tanzania, kifungu cha 222 cha Kanuni ya Adhabu kinampa hadi kifungo cha maisha anayejeruhi kwa kukusudia madhara makubwa. Kifungu cha 225, kisichodai dhamira hiyo, kinaishia miaka 7. Pengo lilelile, limepunguzwa kidogo. Kenya pengo hilo halipo: kifungu chao cha 234 kuhusu kuleta madhara makubwa kinafika maisha bila kudai dhamira maalumu, na hakimu ndiye anayepima kesi iliyo mbele yake astahili nini. Ukimleta yule mlevi wa ngumi mbele ya mahakama ya Nairobi, hakimu ana nafasi ya kutosha juu na chini. Mbele ya mahakama ya London hana.

Kenya hiyohiyo inatukumbusha pia kwa nini neno "lazima" liogopwe. Desemba 2017, katika shauri la Muruatetu, Mahakama ya Juu ilisema adhabu ya kifo ya lazima kwa mauaji inakwenda kinyume na Katiba, kwa sababu inamfunga jaji mikono asimsikilize mtu aliye mbele yake. Wabunge wa Uingereza walijua hatari hiyo, ndiyo maana wakaacha upenyo wa mazingira ya kipekee. Upenyo huo ni mwembamba, na sina hakika kwamba kijana wa miaka 16 aliyemsukuma askari akaanguka ngazini atapita. Kesi ya namna hiyo ikija, na itakuja, watu walewale waliolilia 16 watashangaa kuona sheria waliyoiomba inavyomfunga mtu ambaye hawakumfikiria.

Wala tusijidanganye kwamba vijana wa Berkshire wangesimamisha gari kama sheria ingekuwepo. Dereva anayetoroka gizani na kitu cha wizi hahesabu miaka, anahesabu kona. Sheria ya Harper ina thamani ya namna nyingine: inawaambia wanaovaa sare kwamba wakifa, kifo chao hakitaandikwa kama ajali ya njiani. Thamani hiyo naikubali kwa moyo wote. Ila ndiyo inayonifanya niulize kwa nini ujumbe huo haukumfikia Outten, au muuguzi aliyevunjwa taya kwenye chumba cha dharura na mgonjwa aliyelewa, au mzimamoto aliyepigwa jiwe la jicho. Wanaokufa kazini ni wachache, Mungu ashukuriwe. Wanaorudi nyumbani na kovu ni wengi, na hao wanaishi miaka yote iliyobaki wakiwa ushahidi unaotembea.

Kama ningepewa kalamu, nisingeongeza "lazima" nyingine. Ningegusa dari. Anayemjeruhi vibaya mtumishi wa huduma za dharura akiwa kazini, kwa kutojali, hata kama dhamira ya kifungu cha 18 haikuthibitika, dari yake ipande mpaka miaka 12 au 14, na jaji aachiwe apime: umri, pombe, ugonjwa wa akili, ngumi moja au kumi. Hilo lingetosha kwa mhudumu wa ngumi yetu. Hata Tume ya Sheria ya Uingereza, katika ripoti yake ya mwaka 2015 kuhusu makosa dhidi ya mwili, ilipendekeza kosa la kujeruhi vibaya kwa kutojali lipandishwe mpaka miaka 7, kwa kila mtu, askari au si askari. Pendekezo hilo liliwekwa kabatini. Miaka saba baadaye Bunge lilipokaa kuandika Sheria ya Harper, lilikuwa na wino mezani na ripoti kabatini, likaandika juu ya kifo peke yake, na kifungu cha 20 kikabaki na miaka yake 5.